Pasaka njema wapendwa, na ile sentensi ya makuhani

Bwana amefufuka jamani! Haya jibuni basi hata huko mliko: amefufuka kweli kweli. Nawasalimu wote, mliokesha na mliosinzia kwenye mkesha (mi nilikuwa kundi la pili, yale masomo ni marefu Mungu anisamehe), mlio safarini, mlio zamu kazini, na nyie ambao hii ndo Pasaka ya kwanza bila mtu wenu, nyie hasa nawakumbatia.

Sa niwaambie kitu kimenikaa kichwani toka Ijumaa Kuu. Si mnajua ile siku habari ya mateso ya Yesu inasomwa kwa kugawana sauti, mmoja anakuwa Pilato, mmoja Yesu, afu sisi waumini tunakuwa ule umati. Basi tumefika pale tukapiga kelele msulubishe, msulubishe, mtoto aliyekaa mbele yangu akageuka akamuuliza mama yake kwa sauti, "mbona sisi ndo tunasema hivo?" Mama akamwambia nyamaza. Mi nikaishia kuduwaa na karatasi mkononi, manake swali ni zuri.

Watu wengi wakiisoma ile habari wanasema unaona, kura ya wengi ilimchagua Baraba, yule mfungwa aliyeachiwa badala ya Yesu, kwa hiyo demokrasia na imani haziivi chungu kimoja. Siyo kweli. Marko 15:11 anasema wazi wakuu wa makuhani ndo waliuchochea umati, yani pale hapakuwa na uchaguzi, palikuwa na fitna. Na Yohana 19:15 ndo inaniumiza zaidi, Pilato anauliza nimsulubishe mfalme wenu, wanaojibu ni makuhani, watu wa madhabahuni kabisa: "Sisi hatuna mfalme ila Kaisari," yani mtawala wa Warumi. (Na wala hii sio habari ya Wayahudi kama wengine walivyoipindisha karne na karne wakawatesa watu, ni habari ya yeyote anayevaa jina la Mungu.) Kila mchungaji anayempa mkubwa kipaza sauti kwa sababu ya bahasha nono anairudia ile sentensi, ila siku hizi inasemwa kwa tabasamu na makofi. Kanisa lina madoa hayo, tusijifiche, kule Afrika Kusini kuna makanisa yaliutafutia ubaguzi mistari ya Biblia, na Askofu Desmond Tutu akaupinga kwa Biblia hiyo hiyo.

Lakini kuna waliogoma kuisema. Malawi, Machi 8, 1992, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima. Kamuzu Banda ni rais wa maisha, chama ni kimoja, kunong'ona tu ni hatari. Sa hebu jiweke pale kwenye benchi, umekuja misa yako ya kawaida, padri badala ya mahubiri anafungua barua ya maaskofu anaanza kusoma, pengo la matajiri na maskini, shule, hospitali, watu kunyimwa uhuru wa kusema, mahakama zisizotenda haki, mambo ambayo wewe hata kwa mkeo unayasema taa zikiwa zimezimwa, na yanasomwa mchana kweupe nchi nzima siku moja. Maaskofu wakaitwa polisi wakahojiwa. Lakini barua ikishasomwa imesomwa bwana, huwezi kumwambia mtu asisikie alichosikia. Juni 14, 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi, na 1994 Banda akashindwa uchaguzi. Sisemi ni barua peke yake, wafadhili nao walibana na wanafunzi na wafanyakazi waliingia barabarani, ila mtu wa kwanza kusema kwa sauti ana kazi yake.

Ona, hawakuambia watu mpigie nani, na hapo ndo mi nawapendea. Padri akinipangia mgombea nahama benchi. Kazi yake ni kusema kila mtu kaumbwa kwa mfano wa Mungu, hivo kura ya muuza karanga na ya profesa ni sawa, na mtawala naye ni mwenye dhambi kama sisi sote kwa hiyo awekewe mipaka. Hivo viwili tu vinatosha kumnyima usingizi mtu yeyote anayetaka kukaa milele. Na vina gharama pia, Askofu Mkuu Oscar Romero kule El Salvador aliwasihi askari waache kuua watu, kesho yake, Machi 24, 1980, akapigwa risasi akiadhimisha misa, nayo ilikuwa Kwaresima.

Jana usiku taa zilipozimwa tukapokezana moto wa mshumaa nikawakumbuka watu wa Leipzig, kule iliyokuwa Ujerumani Mashariki ya utawala wa kikomunisti, Oktoba 9, 1989, wametoka kwenye sala za Jumatatu pale kanisa la Mtakatifu Nikolai, wakaungana na wenzao kama elfu 70 mbele ya askari wenye silaha, wengi na mishumaa. Mchungaji wao alikuwa anasema mshumaa unataka mikono miwili, mmoja unashika na mmoja unakinga upepo, hivo hubaki na mkono wa kushika jiwe. Nami nikaongezea kimoyomoyo, wala wa kunawia kama Pilato.

Nta imenidondokea kwenye kanzu mpya, haitoki, mwenye dawa anielekeze. Pasaka njema wote, na yule mtoto wa mbele yangu nikimwona leo namjibu swali lake.