Kabla ya kuwacheka wa vitongojini, tafuteni mpaka ulipo

Mhariri,

Kwa kawaida gazeti lenu hulisoma, nikaguna, nikalikunja. Miaka imepita hivyo. Lakini ile makala ya watu wa vitongojini "wanaojibandika" jina la jiji imenishinda kuimeza. Mwandishi wenu anamcheka mtu wa Naperville anayesema anatoka Chicago, anamcheka wa Saint-Denis anayesema anatoka Paris, kisha anahukumu kwa mkato kwamba mtu wa jiji ni yule "anayeishi ndani ya mpaka". Mpaka upi? Hilo ndilo swali lililotakiwa kujibiwa, na makala nzima imelipita kama hailioni.

Jiji kubwa halina mpaka mmoja. Lina wa utawala, yaani pale mamlaka ya meya na halmashauri yake inapokoma. Lina wa posta, uliochorwa kufuata njia za wagawa barua. Lina wa simu, uliofuata mitambo ya zamani ya kuunganisha simu. Lina wa nauli za treni na mabasi. Na lina ule wa watakwimu, ambao hawajali meya ni nani. Wao hufuata nyumba zilizoshikana na watu wanaokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Kila mpaka ulichorwa na watu wake, kwa kazi yake, kwa wakati wake. Ukiilaza yote juu ya karatasi moja utaona inakatana ovyo.

Anayetegemea anwani ya posta ndiye anayepotea kwanza. Sewardstone ni kijiji cha mkoa wa Essex, nje ya London Kuu (London ya kiutawala), lakini msimbo wake wa posta ni E4, wa London, kwa sababu kimewekwa kwenye eneo la posta la Chingford. Marekani nako ni yale yale: nyumba nyingi zenye anwani ya Atlanta ziko nje ya mpaka wa Atlanta, na wenyewe hawampigii kura meya wake. Kituko zaidi ni 90210. Dunia nzima inaujua msimbo huo kuwa wa Beverly Hills, mji unaojitegemea tangu 1914. Lakini ufuate kupanda milimani, utafika kwenye nyumba ambazo kisheria ni za Los Angeles. Wenye nyumba hizo humchagua meya wa Los Angeles, wakiibiwa hujiwa na polisi wa Los Angeles, na kwenye bahasha ni watu wa Beverly Hills. Hao mwandishi wenu hakuwagusa. Wa kitongojini akijiita wa jiji, mwongo. Wa jiji akijiita wa kitongoji cha matajiri, ana anwani nzuri.

Reli haisaidii pia. Amersham imo kwenye ramani ya treni za chini ya ardhi za London, nayo ni mji wa mkoa wa Buckinghamshire, nje ya London. Barabara ya mzunguko ya M25, ambayo wengi huichukulia kuwa ukingo wa London, inaiacha North Ockendon upande wa nje ilhali ni London halali kabisa.

Sasa Chicago yenyewe, maana ndiyo mliyoanza nayo. Miaka ya 1950 jiji hilo liliutaka uwanja wa ndege wa O'Hare uwe wake, na kisheria haliwezi kujiunganishia ardhi ambayo haligusani nayo. Likanyoosha kipande chembamba cha ardhi kufuata barabara mpaka likaufikia. Ndiyo maana leo njia ya kurukia ndege ni Chicago, na anayelala Rosemont, ng'ambo tu ya uzio, si wa Chicago. Kuna na Norridge na Harwood Heights, vimiji viwili vilivyomezwa na Chicago pande zote, vilivyo karibu zaidi na katikati ya jiji kuliko uwanja huo, ambavyo vina mameya wao na polisi wao. Kwa kipimo cha mwandishi wenu, begi lililosahaulika O'Hare lina haki zaidi ya kujiita la Chicago kuliko bibi aliyezaliwa Norridge.

Na kama ni uongo mnautafuta, acheni kuwaandama watu binafsi, tazameni wanaouza tiketi. Manchester United wanacheza Old Trafford tangu 1910. Uwanja huo uko katika manispaa ya Trafford, nje ya jiji la Manchester, jambo ambalo mashabiki wa Manchester City hawachoki kulirudia, na kwa mara moja wana haki. Giants na Jets wa New York, timu za mpira wa Kimarekani, wanacheza East Rutherford, ambako si New York hata kwa jimbo. Ni New Jersey. Cowboys wa Dallas, wa mchezo huo huo, wako mji mwingine, Arlington. Mbio za magari za Indianapolis 500 zinafanyika Speedway, mji mdogo uliobaki na serikali yake hata Indianapolis ilipounganishwa na wilaya yake mwaka 1970. Lakini mfalme wao wote ni Las Vegas. Lile bango maarufu la kuwakaribisha wageni, lililosimikwa 1959, ambapo watu hupanga foleni juani ili wapigwe picha, liko nje ya Las Vegas. Hoteli na kamari zile za kando ya barabara kuu, nyingi ziko Paradise, eneo lililotangazwa 1950 mahususi ili jiji lisiweze kulimeza na kulitoza kodi. Uwanja wa ndege nao uko huko. Mgeni anaweza kushuka, kulala siku zote, kupoteza mshahara wake, kupiga picha chini ya bango na kuondoka bila kukanyaga jiji lenyewe. Akirudi kwao akisema alikuwa Las Vegas, nani atamwita mwongo? Na yule mhudumu anayetandika kitanda chake na kuishi mtaa wa pili, kwa nini yeye ndiye aambiwe hana haki ya kusema anatoka Las Vegas? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Halafu mipaka yenyewe inahama. Brooklyn lilikuwa jiji kamili mpaka New York ilipolichukua tarehe 1 Januari 1898. Hollywood ilijiunga na Los Angeles mwaka 1910, lakini West Hollywood, iliyo ubavuni mwake, ni mji wake tangu 1984. Wakazi wa Scarborough na Etobicoke walilala mwisho wa 1997 wakiwa watu wa vitongojini, wakaamka ni watu wa Toronto, na hakuna aliyehamisha hata kigoda. Ndani ya usiku ule walipata nini ambacho wa Mississauga, aliyebaki nje, hana?

Wengine wametatua jambo hili bila kelele. Halmashauri ya Jiji la Sydney inashika eneo dogo tu la katikati. Sydney inayojulikana ni makumi ya halmashauri, na mtu wa Parramatta akisema anatoka Sydney hakuna anayeinua macho. Metro Manila ni miji 16 na manispaa moja, na Quezon City ina watu wengi kuliko Manila yenyewe. Hapo nani kitongoji cha nani?

Hoja pekee ya makala iliyokuwa na uzito ni ya kodi: kwamba wa vitongojini wanatumia barabara za jiji na kulipa kodi kwingine. Ni kweli nusu. Philadelphia hukata kodi kwenye mshahara wa kila anayefanya kazi mjini humo, akilala ndani au nje. Majiji ya Ohio nayo hukata palipo na kazi. New York ilikuwa na kodi ya wanaoingia kazini kutoka nje tangu 1966, na iliyoifuta mwaka 1999 ni serikali ya jimbo, si watu wa vitongojini kwa mikono yao. Malalamiko hayo yapelekeni bungeni.

Kanuni inayofanya kazi ni rahisi, na watu huitumia bila kufundishwa: msikilizaji akiwa mbali, taja jiji, akiwa karibu, taja mtaa. Wa Evanston akiwa bara jingine aseme Chicago, ataeleweka. Akiwa ndani ya Chicago aseme Evanston, la sivyo atachekwa na atastahili. Ila kuna mahali ambapo ukarimu huo haufai, na hapo ndipo mngetumia wino wenu. Simu ya dharura ya mkononi huweza kuelekezwa kwa kufuata mnara ulioikamata, si nyumba uliyomo. Ukikaa jirani na mpaka, inaweza kuangukia kituo cha upande wa pili. Swali la kwanza utakaloulizwa ni uko wapi. Ukijibu kwa jina la jiji pamoja na jina la mtaa tu, mpokezi anaweza kupata mtaa wa jina hilo hilo mahali pengine kabisa, kwa sababu majina ya mitaa kama Main na Church yanarudiwa katika manispaa nyingi za Marekani, na gari la zimamoto likaondoka kuelekea huko. Taja manispaa, mtaa, namba ya nyumba, na njia panda iliyo karibu. Kwa mpangilio huo.

Vivyo hivyo kwenye kununua nyumba. Dalali akiandika jina la jiji kwenye tangazo, usiulize jirani wala usitazame anwani. Omba ankara ya kodi ya jengo uone kodi hiyo inakwenda kwa halmashauri ipi. Ulizia ni meya gani anayepigiwa kura hapo. Kisha fungua ramani ya mipaka ya halmashauri yenyewe. Posta iwe ya mwisho. Asiyefanya hivyo hugundua siku ya kuandikisha mtoto shule.

Na nyinyi waandishi, takwimu! Paris iliyo ndani ya mpaka wake ina watu milioni 2 na kidogo, kwa kuwa mpaka huo haujasogea sana tangu 1860. London Kuu, iliyochorwa 1965, ina karibu milioni 9. Mnaziweka safu moja kwenye jedwali na kuandika kwamba London ni kubwa mara nne. Paris pamoja na miji iliyoshikana nayo ina zaidi ya milioni 10. Minara ya La Défense mnayoipiga picha mkiandika "Paris" iko Puteaux, Courbevoie na Nanterre, miji iliyo nje ya mpaka wa Paris. Kwa hiyo wa Nanterre akijiita wa Paris anachekwa, na jengo la Nanterre likiitwa la Paris linapewa ukurasa wa mbele.

Tena nisisahau viwanja vya ndege, maana hapo ndipo uongo unapogharimu. London Luton iko mkoa wa Bedfordshire, nje ya London. Narita iliitwa kiwanja cha Tokyo mpaka 2004, nayo iko mkoa wa Chiba. Beauvais inauzwa kama Paris, umbali wa kilomita 85 hivi. Frankfurt-Hahn iko kilomita 120 hivi kutoka Frankfurt, tena katika jimbo jingine la Ujerumani. Abiria anaona tiketi ya bei ya chini, anasahau basi la zaidi ya saa moja, na akitua usiku huenda basi lenyewe limeshaondoka.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila kiwanja cha ndege na kila uwanja wa michezo unaotumia jina la jiji uandike umbali wake kwa kilomita kutoka jumba la meya wa jiji hilo, kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina. Kila atakayeandika tena katika gazeti lenu kwamba fulani si wa jiji aambatanishe ankara yake ya kodi ya jengo, ya mwaka huu, yenye muhuri. Na mwandishi wa makala ile mpeni tiketi ya "Frankfurt" kupitia Hahn, atue saa nne usiku, kisha atuandikie kutoka ndani ya mpaka.

Msomaji wenu,
Mchora ramani mstaafu