Pakiti zetu zinapotelea ndani ya nyumba yenu, si Kisumu

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Nakala: Mkuu wa Huduma kwa Wateja, Mkuu wa Kitengo cha Mitandao

Kisumu, Jumatatu

KUH: KUPOTEA KWA PAKITI KATIKA MTANDAO PEPE MLIOTUKODISHA, NA NAMNA MHANDISI WENU ALIVYONIDHALILISHA MBELE YA WATEJA WANGU

Bwana au Bibi Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa heshima. Masharti ya mkataba unayajua kuliko mimi, kwa hivyo sitayarudia. Tumelipa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, na tiketi zote za matatizo nilizofungua kwenye dawati lenu mnazo. Kwa siku kumi na tisa seva zetu mbili zilizo katika kituo chenu cha data Nairobi zimekuwa zikipotezeana pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni, zenyewe kwa zenyewe, na kwa siku hizo zote watu wako wameniambia kwamba tatizo ni intaneti ya Kisumu. Nilifungua tiketi nne. Zote nne zilifungwa na ninyi, hakuna hata moja niliyoifunga mimi.

Lakini kilichonikalisha chini kuandika ni Alhamisi. Saa nne asubuhi nilikuwa katika chumba cha picha cha kliniki moja ya Ahero. Mhandisi wenu mwandamizi, ambaye nilikuwa nimeahidiwa kwa wiki mbili, ndiyo kwanza akapiga simu. Mikono yangu ilikuwa kwenye kompyuta, nikaiweka simu kwenye spika. Chumbani tulikuwa mimi, daktari, sista msimamizi na fundi wa eksirei. Nikaanza kumweleza nilichopima. Hata dakika mbili hazikuisha, akanikata: "Dada, hakuna mwanamume hapo anayeelewa mambo ya netiweki nizungumze naye?"

Nimefanya kazi hii miaka kumi na mmoja.

Naomba sasa usome wewe nilichokuwa nikimweleza, maana yeye hakukisikia.

Picha ya kifua ikipigwa Ahero, Bondo, Luanda au Mbale kule Vihiga, huingia kwenye seva ya kwanza, na seva hiyo huisukuma hadi ya pili inayohifadhi picha zote. Safari hiyo ya pili haipiti Kisumu. Haigusi laini ya mtoa huduma wetu. Haitoki nje ya jengo lenu. Ni kutoka seva pepe moja, yaani seva ya programu inayoishi ndani ya mashine halisi, hadi nyingine, juu ya mtandao pepe wenu wa ndani, na huko ndiko picha zilikokuwa zikikwama. Majina ya wagonjwa yalipita, malipo yalipita, ripoti fupi za maandishi zilipita. Picha yenye megabaiti kumi na kitu ilianza kwenda, ikasimama, ikafa. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia mtandao unaobagua vitu kwa ukubwa wake angeishuku MTU, ukubwa wa juu wa pakiti ambao mtandao unakubali kubeba, saa hiyo hiyo. Dawati lenu lilinitumia matokeo ya ping, pakiti ya kujaribu kama njia inapitika, ya baiti 64, likaandika, "Hasara asilimia sifuri, tiketi imefungwa." Huko ni kuvusha pikipiki kwenye daraja kisha kutangaza kwamba lori la miwa nalo litapita.

Nilipima hivi. Kutoka seva ya kwanza nilituma ping isiyoruhusiwa kukatwa vipande, nikiongeza ukubwa kidogo kidogo. Mzigo wa baiti 1,422 ulipita mara mia kati ya mia. Wa 1,423 haukupita hata mara moja. Jumlisha baiti 28 za vichwa vya IP (anwani) na ICMP (ujumbe wa taarifa za mtandao), utapata 1,450. Kadi za mtandao za seva zetu zimewekwa MTU ya 1,500, na aliyeziweka hivyo ni ninyi. Hiyo tofauti ya 50 kila anayeendesha mitandao pepe anaijua: ni ganda la VXLAN, teknolojia inayovika kila pakiti ya mtandao pepe vichwa vya ziada ili ipite juu ya waya halisi. Kichwa cha fremu ya ndani baiti 14, kichwa cha VXLAN 8, UDP 8, IP 20. Waraka wenyewe wa VXLAN, RFC 7348 wa mwaka 2014, unakikataza kifaa kinachovika ganda hilo kukata pakiti vipande, na unashauri kwamba mtandao wa chini, wa waya na swichi halisi, upanuliwe uweze kuibeba pakiti iliyonenepa. Ninyi mlihamia VXLAN mkauacha wa chini kama ulivyokuwa.

Pakiti ikizidi inatupwa kimya. Hakuna ujumbe unaorudi kuiambia seva ipunguze ukubwa, na fayawali yenu inazuia hata ule wa ICMP ambao ungetoka kwenye ruta. TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, inabaki gizani: inatuma tena, inangoja, inatuma tena, kila mara ikingoja maradufu. Niliwasha tcpdump, programu inayorekodi kila pakiti inayopita, pande zote mbili kwa wakati mmoja. Upande unaotuma, pakiti kubwa ileile ilionekana ikitoka mara saba. Upande unaopokea, hakuna kitu. Vihesabu vya makosa kwenye kadi zote mbili vilisoma sifuri, na watu wako wakaing'ang'ania sifuri hiyo kama ushahidi kwamba mtandao ni mzima. Maana yake ni kinyume kabisa. Maana yake pakiti inapotelea chini ya seva, mahali ambapo mimi siruhusiwi kuchungulia na ninyi mnaruhusiwa. Ndiyo maana nilikuwa nawaomba mtazame. Sikuwa na njia nyingine.

Mlichofanya badala yake ni kuniomba mtr, kipimo cha hasara kwenye kila ruta ya njiani, kutoka Kisumu. Nikaituma, mkaona asilimia 40 ya hasara kwenye ruta moja ya katikati, mkafurahi. Ruta ya njiani kazi yake ni kupitisha, na majibu ya ICMP huyatoa kwa kubania. Mwisho wa njia hapakuwa na hasara yoyote, basi ile ya katikati si hasara. Hili nililiandika kwenye tiketi ya kwanza na kwenye ya tatu.

Kabla ya hapo, katika wiki ya pili, fundi wenu aliniandikia kwamba amejaribu kwa seva mbili za majaribio na mambo ni shwari. Nilimuuliza mara tatu: seva hizo zilikuwa juu ya mashine moja halisi au mbili? Zikiwa juu ya mashine moja pakiti haivikwi ganda wala haigusi waya, lazima ipite. Hajanijibu mpaka leo. Na naamini hiyo ndiyo sababu Jumanne moja picha zetu zilipita vizuri kwa saa sita, mkakimbilia kufunga tiketi ya tatu. Mlikuwa mmehamisha seva yetu moja, zikakaa pamoja kwa muda, kisha mkazitenganisha. Fungueni kumbukumbu zenu za uhamishaji, mtaziona saa hizo sita.

Jioni ya Jumanne hiyo hiyo, Bondo, mzee aliyekuwa ameanguka alilazwa bila mtu kujua kama nyonga yake imevunjika. Daktari anayesoma picha yuko Kisumu, na picha ilikuwa inazunguka tu kwenye skrini. Mwishowe waliiweka kwenye flashi, ikapanda matatu. Taarifa za afya za mtu, mikononi mwa makanga, huku Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikiwa pale pale. Mimi ndiye niliyepigiwa simu na mwana wa mzee huyo. Sikumwambia ni kosa lenu kwa sababu sikutaka kuonekana nawatupia mzigo. Sasa najuta.

Narudi Alhamisi, kwa sababu siwezi kuipita hivi hivi.

Nilimwambia mhandisi wenu, pole pole kabisa, "1,422 inapita, 1,423 haipiti." Akacheka. Nilimsikia, na daktari alimsikia. Akasema, "Intaneti za huko kwenu tunazijua." Nikamwambia seva zote mbili ziko kwake Nairobi, laini ya huku kwetu haihusiki. Hapo ndipo alipouliza kama hakuna mwanamume hapo anayeelewa mambo ya netiweki. Mwanamume aliyekuwa karibu na kompyuta ni fundi wa eksirei, kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kutumia mfumo huo. Alinitazama, kisha akatazama sakafu. Daktari alitoka nje. Mhandisi wenu akaendelea: tuzime modemu, tungoje dakika tano, tuiwashe. Nikasema modemu haina kosa. Akakata simu.

Chumba kilinyamaza. Kisha sista, ambaye ni mtu mpole na hana ubaya na mtu, akaniuliza, "Sasa madam, ina maana hata wewe hujui?"

Swali hilo halikuwa lake. Mmelipanda ninyi. Kliniki zile zimeniamini na picha za wagonjwa wao tangu nilipowawekea mfumo, na dakika kumi na moja za simu yenu zimelitia doa jina langu katika chumba ambacho nitalazimika kuingia tena kila wiki.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane, nilishusha MTU ya kadi zote mbili hadi 1,450. Ndiyo, nimegusa mipangilio ambayo mkataba unanikataza kuigusa bila idhini yenu. Idhini niliiomba kwenye tiketi ya pili, nikajibiwa kwamba "haihusiani na tatizo." Picha 61 zilizokuwa zimekwama zilipita zote kabla ya saa tisa. Siku kumi na tisa, na dawa ilikuwa mstari mmoja. Na yote haya yalianza Jumapili ya ukarabati wenu, ile mliyotutangazia kwamba mnahamia VXLAN "bila athari yoyote kwa wateja." Tangazo ninalo.

Ninachodai ni hiki. Mhandisi huyo aniombe radhi kwa maandishi, yeye mwenyewe na si dawati, na nakala iende kwa kliniki ya Ahero. Mturudishie malipo ya siku kumi na tisa. Mtandao wenu wa chini upanuliwe ubebe fremu zenye ganda, ili mteja mwingine asiyejua kusoma tcpdump asiteseke kama tulivyoteseka. Na kuanzia sasa mpime kwa pakiti kubwa, kati ya mashine mbili tofauti, kila saa. Mnipe majibu ndani ya siku saba.

Nimeandika aya hiyo ya juu asubuhi. Mchana huu ankara yenu imeingia.

Mmenitoza shilingi 12,000 za "msaada wa kitaalamu wa ngazi ya juu, saa mbili." Saa mbili! Simu ilidumu dakika kumi na moja, na kati ya hizo alinisikiliza mbili. Mnanitoza pesa kwa kuulizwa kama kuna mwanamume chumbani. Nimeisoma ankara hiyo mara nne nikidhani nimekosea.

Basi dai langu limebadilika. Siku kumi na tisa hazitoshi tena: mturudishie miezi miwili yote. Ankara hiyo ifutwe leo, si mwisho wa mwezi. Nauli zote zilizotumika kusafirisha flashi kutoka Bondo, Luanda na Mbale mzilipe, na risiti nitawaletea. Nitaongeza pia jambo nililokuwa nimeamua kulinyamazia: kila asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, safu ya st kwenye top, programu inayoonyesha matumizi ya kichakataji cha seva yetu, hufika asilimia 18. Ninyi mnajua maana yake. Kichakataji tunachokilipia kinangoja zamu wakati mashine yenu inahudumia wengine mliowajaza humo. Hilo nalo nataka maelezo yake kwa maandishi.

Nilisema siku saba. Zifanyeni tano. Zikipita kimya, malalamiko haya yatakwenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya pamoja na faili za tcpdump za pande zote mbili. Kisha nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja na ambako nitasimama mwenyewe bila wakili. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Nimekisoma kwa makini kama nilivyosoma RFC yenu. Seva nazo nitazihamisha, na kliniki zote tano zitajua kwa nini.

Mhandisi huyo akitaka kuniomba radhi kwa sauti yake kabla ya barua, simkatazi. Apige Alhamisi hii saa nne asubuhi. Nitakuwa Ahero, chumba kilekile, na watu walewale, na simu itakuwa kwenye spika.

Wako,

Msimamizi wa mifumo na mitandao,
kwa niaba ya kliniki tano za Kisumu, Siaya na Vihiga