Mashine ya kukereza mbao: pima kazi kwanza

Swali la kwanza la wateja wengi ni mota ina nguvu ya farasi ngapi. Sisi huanzia kwingine: kipande kirefu kuliko vyote utakachokereza kina sentimita ngapi, na kinene kuliko vyote kina inchi ngapi?

Mguu wa meza ya chakula una kama sm 72. Mashine ndogo ya kukaa juu ya meza mara nyingi hushika sm 40 hadi 45 tu kati ya ncha na ncha, yaani zile chuma mbili zinazoshika mbao kila upande, kwa hiyo ni ya mipini ya patasi, vinara, vishikizo vya droo na bakuli ndogo. Anayetengeneza meza na makochi atafute ya mita moja. Ya sm 75 itakutesa: mbao huingia mashineni ikiwa na ziada pande zote mbili, na ukifunga kibanio cha taya nne, chenyewe kinakula karibu sm 10.

Nguzo za kitanda cha chandarua zisikushawishi kununua mashine ya mita 2. Zikereze vipande viwili, kimoja kiwe na ulimi wa duara wa inchi moja na kingine tundu lake, kisha kiungo ukifiche kwenye mfereji ulio chini ya pete ya urembo. Hata ungekuwa na mashine ndefu, kipande chembamba kisichoegemezwa katikati hucheza kinapozunguka, na patasi huacha michirizi ya kujiviringa ambayo msasa hauiondoi kirahisi.

Kuhusu unene, mashine ikiandikwa inchi 12 maana yake ni inchi 6 kutoka katikati ya ncha hadi kwenye reli, yaani chuma ndefu za chini zinazobeba mashine. Ila kitako cha kiegemeo cha patasi nacho hupita chini ya mbao, hivyo kipande kirefu kinabaki na nafasi ya inchi 9 hivi.

Wapenda bakuli waangalie mwendo wa chini kabisa. Gogo la mninga la inchi 12 ambalo halijawa duara lianze kwenye mizunguko 500 kwa dakika au pungufu. Mashine inayoanzia 800 itarukaruka na gogo linaweza kuchomoka. Hata likishakaa sawa, zidisha kipenyo kwa inchi mara mizunguko. Jibu lisivuke 9,000.

Sasa umeme. Mota ya nguvu ya farasi 1 hadi 2 inatosha karakana nyingi, na hutumia umeme wa njia moja, volti 230. Mashine kubwa za mtumba nyingi zina mota ya njia tatu. Kama huna laini hiyo, gharama ya kuivuta iingie kwenye bei. Mota ya Marekani ya volti 110 ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia harufu kabla hujaanza kazi.

Karakana nyingi za Keko, hapa Dar es Salaam, zimebanana. Mashine ya mita moja huwa na urefu wa jumla wa kama mita 1.6, acha sm 60 upande wa mkia (sehemu inayosogea, yenye ncha ya pili) na mita moja mbele yako. Nyuma inaweza kugusa ukuta. Mlango usitazamane na mahali bakuli linapozungukia, maana likichomoka huelekea huko. Ncha iwe usawa wa kiwiko chako, na mashine nyepesi ifungwe kwa bolti kwenye sakafu ya zege, au stendi yake ibebe mifuko ya mchanga.

Hewa ya bahari hapa Dar huleta kutu haraka. Sugua reli kwa nta ya mshumaa kila wiki. Oili hukusanya vumbi na kuwa uji.

Ukinunua ya mtumba, sogeza mkia mpaka ncha mbili zikutane. Zikipishana hata milimita moja, kipande hakitatoboka katikati. Kisha zungusha kwa mkono kichwa, yaani upande unaozungushwa na mota, mota ikiwa imezimwa: beringi ikikwaruza, punguza bei kwa gharama ya beringi mbili pamoja na fundi.