Kinanda cha kwaya na umeme wa kukatika

Sinza, Dar es Salaam

Mpendwa Elia,

Bwana Yesu asifiwe. Hongereni kwa kinanda kipya. Umeuliza kama mnunue stabilaiza ya kulinda kinanda; nalijibu kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo: usianze nayo. Stabilaiza inapandisha na kushusha volti tu. Umeme ukikatika, nayo inazimika.

Kinachoua vinanda mara nyingi si umeme kukatika, ni kurudi. Mtaa mzima umeacha friji, feni na pampu zimewashwa, kwa hiyo ukirudi vyote vinavuta kwa mpigo, volti zinayumba, pengine unakatika tena hapohapo. Kibaya kuliko vyote ni nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, kukatika huko kwenye nguzo: soketi ya volti 230 inaweza kupata zaidi ya 300. Ukiona taa zenu zinawaka kupita kiasi huku za jirani zimefifia, chomoa plagi kwanza, maswali baadaye.

Basi nunua gadi, ile ya kulindia friji au TV, inayokata umeme volti zikiwa mbaya, lakini soma lebo yake vizuri. Nyingine zinakata volti zikishuka mno tu, na wewe unataka inayokata kote kuwili, zikishuka mno na zikipanda mno. Umeme ukirudi, gadi husubiri dakika chache ndipo iruhusu. Waumini watanung'unika kusubiri, ndiyo maana inafuata UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ule wa ukutani ukikatika. Mpangilio ni huu: soketi ya ukutani, gadi, UPS, adapta, kinanda.

UPS ya VA 650 (VA ni kipimo cha nguvu yake) inatosha. Ndani huwa na betri ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa), yaani wati-saa 84 kwa karatasi. Kwa vitendo hesabu nusu. Kinanda cha adapta ya volti 12, ampea 1.5 hakizidi wati 18, kwa hiyo betri ikiwa mpya ibada inaendelea zaidi ya saa moja. Ila amplifaya na spika usizichomeke humo, zitaimaliza betri kwa dakika chache. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: baadhi ya UPS zikiona mzigo mdogo mno hudhani hakuna kitu na kujizima zenyewe. Nenda na kinanda dukani, kiwashe, uchomoe UPS ukutani, usubiri dakika kumi. Na kama adapta ni ile nzito ya zamani yenye koili ya chuma, isikilize: kwenye UPS za bei nafuu huunguruma na kupata moto. Adapta nyepesi za kisasa hazina shida hiyo.

Ukihitaji adapta nyingine, volti zifanane, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro mdogo wa plasi na mainasi uliopo kwenye lebo ufanane na ule wa nyuma ya kinanda. Vinanda vingine plasi iko katikati ya pini, vingine iko nje. Ukikosea hapo, kama kinanda hakina kinga, unaunguza bodi.

Siku ya jenereta, mpiga kinanda azime kinanda kabla ya mtu kugusa swichi ya kubadilishia kati ya umeme wa nguzo na jenereta. Acheni jenereta ikae sawa kwanza, ndipo muwashe kinanda, kisha miksa, amplifaya mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Ule mlio wa "pu!" unaopasua spika unatokana na amplifaya kuwa imewaka wakati vingine vinawashwa.

Midundo mliyotengeneza msiihifadhi wakati taa zinachezacheza. Umeme ukikatika kinanda kikiwa kinaandika kwenye flashi, faili linaharibika, pengine na flashi nzima. Kusasisha programu ndiyo kabisa, kusifanyike bila UPS. Nakala nyingine ikae kwenye kompyuta ya mwenyekiti.

Betri ya UPS, kwa joto letu hili, usiitarajie ifike miaka mitano. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, na kila mwezi ichomoeni ukutani wakati wa mazoezi. Ikishindwa kufika dakika 15, fundi abadilishe betri tu, UPS yenyewe bado nzima.

Nitumie picha ya lebo ya adapta kabla hujalipa chochote. Msalimie Mama Neema na wanakwaya wote.

Wako,
Yohana