Ndege inakwamakwama kwenye kompyuta? Anza na prosesa

Wiki chache zilizopita kijana mmoja anayesomea urubani alishuka kwenye bajaji mlangoni kwetu hapa Arusha, kompyuta yake ya mezani ameizungushia kitenge isipate vumbi. Alikuwa ametoka kununua kadi ya picha ya bei kubwa, akiba ya miezi mingi. Pamoja na hiyo kadi, kila akikaribia kutua Heathrow, London, kwenye mchezo wa kurusha ndege, ndege inakwamakwama: fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, mara nyingine 19. Kwa kadi yake ya zamani alikuwa anapata 23.

"Fundi, wameniuzia feki?"

Hapana. Kadi ilikuwa halali na nzima. Alichofanya ni kubadilisha kifaa ambacho hakikuwa na kosa, na hilo ndilo tunaloliona zaidi kwa wateja wanaorusha ndege kwenye kompyuta. Mtu anasoma kwamba mchezo wa picha kali unataka kadi kali, anakwenda kununua. Kwa michezo mingi ni kweli. Kwa ndege, mara nyingi si kweli.

Tuliiwasha akiwa amekaa pembeni. Kwenye Microsoft Flight Simulator ukiwasha hali ya wasanidi programu, kuna kijisanduku kinachoonyesha idadi ya fremu na kinachozichelewesha. Chake kiliandika "Limited by MainThread", yaani kinachochelewesha ni prosesa, ubongo wa kompyuta, kadi ya picha ikiwa haifiki hata nusu ya uwezo wake. Kwa anayetumia X-Plane, mchezo mwingine wa ndege, nako kuna takwimu za kuweka juu ya kioo zinazotenganisha muda unaotumiwa na prosesa na muda unaotumiwa na kadi kwa kila fremu.

Maana yake ni hii. Ili upate fremu 30 kwa sekunde, kila fremu lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 33. Ukitaka 60, zinabaki chini ya 17. Ndani ya muda huo prosesa inakokotoa upepo kwenye mabawa, injini, vioo vya rubani, ndege nyingine angani na majengo ya mji ulio mbele yako, ndipo kadi ya picha ipokee na kuchora. Sehemu kubwa ya hesabu hizo inapita kwenye kiini kimoja tu cha prosesa, hata kama umenunua yenye viini 16. Ni kama jiko la nyama choma lenye mkataji mmoja. Ukileta jiko kubwa mara mbili, mkataji bado ni yuleyule, na makaa yanaungua bure.

Kijana wetu alikuwa na Ryzen 5 2600, prosesa ya mwaka 2018, kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya B450. Akaniomba tuiongezee kasi kupita ile ya kiwandani, ile kazi ya ovakloki. Nilimwomba tupige hesabu kwanza, na nitairudia hapa kwa sababu ndiyo inayoamua fedha ziende wapi.

Chukua prosesa inayokimbia gigahezi 5.0, uisukume hadi 5.2. Umeongeza asilimia 4. Kama ulikuwa unapata fremu 40, mambo yakienda vizuri kabisa utapata kama 41.6. Sasa tuseme ili itulie kwenye kasi hiyo imebidi upandishe volti kutoka 1.20 hadi 1.30. Joto linapanda pamoja na kasi na kwa mraba wa volti, kwa hiyo ukizidisha vyote viwili prosesa inatoa karibu asilimia 22 ya joto zaidi. Fremu moja na nusu, kwa joto la zaidi ya moja ya tano. Sikatai kazi hiyo, tunaifanya na tunaipenda, lakini nataka mteja aione namba kabla hajalipa.

Kinachobadilisha mambo kwenye ndege ni kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Hesabu za ndege zinarukaruka kutafuta data huku na kule, na kila data inapokosekana kwenye kache, prosesa inasubiri iletwe kutoka kwenye ramu, kumbukumbu kubwa iliyo nje yake. Mwaka 2022 AMD walitoa Ryzen 7 5800X3D yenye megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu, wakati ile 2600 ina 16. Haiongezwi kasi kwa kuipandisha namba, imefungwa kiwandani. Lakini inakaa kwenye mazabodi ileile ya B450 baada ya kusasisha BIOS (programu ya msingi ya mazabodi), pamoja na ramu ileile ya DDR4. Siku hizi kuipata, hata mdogo wake 5700X3D, inabidi kutafuta. Tulitafuta, tukaipata, tukaifunga. Heathrow ileile, saa ileile ya jioni, mawingu yaleyale: fremu 43. Kadi yake ya bei kubwa ikaanza kufanya kazi aliyoinunulia.

Anayeanza upya kabisa namshauri AM5, soketi mpya zaidi ya prosesa za AMD. Ryzen 7 7800X3D ya mwaka 2023 bado ni chaguo langu la kwanza kwa anayehesabu shilingi. Ukitaka kweli kuchezea kasi, iko 9800X3D iliyotoka Novemba 2024: ile kache wameihamishia chini ya viini badala ya juu, joto linatoka kwa urahisi, na safari hii imefunguliwa kwa ovakloki. Kwa upande wa Intel, vizazi vya 13 na 14 vina kasi nzuri, ila kuwa makini na za mtumba. Mwaka 2024 Intel wenyewe walieleza kwamba baadhi zilikuwa zinapata volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa, wakatoa marekebisho kupitia BIOS. Marekebisho yanazuia uharibifu, hayaponyi iliyokwisha kuharibika.

Kuna kasi moja ambayo watu wameshailipia na hawaitumii. Mashine ya huyu kijana ilikuwa na ramu iliyoandikwa 3200 ubavuni, lakini inakimbia 2133, kwa sababu tangu inunuliwe hakuna aliyeingia kwenye BIOS kuwasha XMP, mpangilio unaoiruhusu ramu ikimbie kasi iliyoandikwa. Ni kubonyeza mara mbili tu. Kwa ramu ya DDR5 kwenye AM5 tunalenga 6000, vijiti viwili vya gigabaiti 16. Usinunue kijiti kimoja cha 32 ukidhani ni sawa, kwani njia mbili za data zinakuwa moja. Vinne navyo vinaitesa prosesa hadi inakataa kasi ya juu.

Sasa joto, na hapa Arusha ina mambo yake. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ya pwani. Rubani yeyote wa uwanja wa Kisongo analijua hili, ndiyo maana ndege iliyojaa inahitaji mbio ndefu zaidi hapa kuliko Dar es Salaam. Feni ya kompyuta ni bawa pia. Inazunguka vilevile, lakini hewa inayosukuma ina uzito mdogo na haibebi joto jingi kama ya pwani. Kwa hiyo kipoozi kilichosifiwa na mtu anayeishi usawa wa bahari usitegemee kikupe nyuzi zilezile hapa. Baridi yetu ya Juni na Julai inasaidia, ila ovakloki iliyopimwa Julai usiku isikudanganye. Februari saa nane mchana itakurudisha. Ndugu zetu wa Moshi wana hewa nzito kidogo lakini joto lao ni kali, nawaambia wapime mchana vilevile.

Kwa kupooza napendelea mnara mkubwa wa hewa wenye feni mbili. Vipoozi vya maji ni vizuri, lakini pampu ikifa, kupata nyingine hapa ni kusubiri, na mashine inalala. Weka feni nyingi zinazoingiza hewa kuliko zinazotoa, zikiwa na vichujio, ili vumbi letu jekundu liingie pale unapoweza kulifuta.

Umeme nao. Pawasaplai usiibanie: wati 750 zenye cheti cha 80 Plus Gold zinatosha mashine nyingi za aina hii. Nyepesi mkononi kama boksi tupu, iache dukani. Na UPS, ile betri ya akiba, soma wati, usisome VA. Nyingi za 650VA hubeba wati 360 hivi. Mashine inayokula 450 ikiwa angani, umeme ukikatika UPS inazima nayo palepale.

Kabla ya yote hayo lakini, jiulize unaruka wapi. Anayepaki Cessna Caravan Arusha na kwenda Seronera, Serengeti, ana nyasi, mito na miti michache ya kuchora. Prosesa ya kawaida inamtosha, na nimeshawarudisha wateja wawili nyumbani bila kuwauzia kitu. Anayepeleka ndege kubwa ya abiria New York au London amebeba mzigo mwingine kabisa. Intaneti pia: Flight Simulator ya 2024 inavuta ardhi kutoka mtandaoni wakati unaruka, na waundaji wanapendekeza megabiti 50 kwa sekunde. Kama unategemea bando la simu, X-Plane 12 inayohifadhi mandhari kwenye diski itakupa amani. Kadi ya picha yenyewe, ukishapanga prosesa, angalia kumbukumbu yake, gigabaiti 12 au zaidi, hasa kama unavaa miwani ya uhalisia pepe.

Ovakloki tunayoifunga sisi haitoki dukani kwa kupita jaribio la dakika kumi. Tunapandisha megahezi 100 kwa hatua, kisha tunaiacha irushe safari ya saa tatu kwa rubani wa kujiendesha, mchana, mlango wa kesi umefungwa kama itakavyokaa kwako. Kwenye ndege, programu kujifunga ghafla hutokea ukiwa unakaribia kutua, baada ya safari nzima, kwa sababu hapo ndipo mzigo unapokuwa mkubwa. Ikijifunga mara moja tu, tunashusha hatua moja na kuanza saa tatu upya.

Ukija, njoo na picha ya kioo chako iliyopigwa pale ndege inapokwama, kile kijisanduku cha fremu kikiwa kimewashwa, na ututajie uwanja unaoutumia zaidi. Kompyuta yenyewe unaweza kuiacha nyumbani siku ya kwanza.