Tusimnyang'anye mhandisi kalamu ya historia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niunge mkono makala za profesa mstaafu wa uhandisi ambaye kwa wiki kadhaa sasa anaandika katika gazeti lako juu ya uyeyushaji wa chuma wa kale mkoani Kagera. Msomaji mwenzangu alilalamika kwamba historia waachiwe wanahistoria, na kwamba mtu aliyemaliza umri wake akifundisha mitambo hana mamlaka ya kusimulia habari za Abakama, yaani watawala wa Wahaya, na wahunzi wao. Kwa heshima zote, sikubaliani naye.

Nimekulia Maruku, si mbali na Katuruka, mahali palipochimbwa mabaki ya uhunzi huo wa kale. Utotoni, tulipopalilia kibanja cha bibi, jembe lilikuwa likigonga vipande vya mirija ya udongo uliochomwa, ncha yake imeyeyuka na kung'aa kama kioo cheusi, pamoja na mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa, yenye uzito uliotushangaza. Tulivitupa kando ya njia. Baadaye nilifundisha historia shule ya msingi kwa miaka mingi, na vitabu nilivyotumia viliridhika kusema kwamba watu wa eneo la Maziwa Makuu walijua kufua chuma, basi. Hakuna kilichonieleza kwa nini ncha ya mrija ule iliyeyuka ilhali upande wa nyuma ulibaki mwekundu kama chungu. Hilo ni swali la mhandisi, na bila jibu lake historia ya wahunzi wetu inabaki orodha ya majina ya watawala.

Hata utafiti unaotajwa zaidi kuhusu jambo hili ulihitaji pande zote mbili. Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alifika Buhaya, nchi ya Wahaya, akifuata simulizi za wazee juu ya Kaiija, mahali ambapo jina lake lenyewe linahusu kufua chuma, na ambapo husimuliwa kwamba Omukama Rugomora Mahe alijenga mnara wa chuma ili afike mbinguni. Alipochimba pale alikuta mabaki ya uhunzi yaliyotangulia enzi ya mtawala huyo kwa karne nyingi. Lakini ili ajue tanuru lilifanyaje kazi, alishirikiana na Donald Avery, profesa wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Brown. Wazee waliokuwa wameacha kazi hiyo kwa miongo kadhaa waliombwa wajenge tanuru upya. Walichimba shimo, wakalikandika udongo wa kichuguu, wakalijaza matete ya bwawani yaliyochomwa nusu, wakasimamisha juu yake mnara wa udongo na mavi ya chuma ya zamani, kisha wakapenyeza mirija minane ya kupitisha upepo wa mivukuto. Mikono ilikuwa ya wazee, vipimo vilikuwa vya mhandisi. Matokeo yalichapishwa Septemba 1978 katika jarida la Science, majuma machache kabla ya majeshi ya Idi Amin kuvuka mpaka, na sisi wa Kagera tukawa na mengine ya kutushughulisha.

Hapa naomba kumkosoa profesa wetu kwa adabu. Ameandika kana kwamba imekwisha thibitishwa kuwa mirija ile, kwa kuingizwa ndani sana ya tanuru, iliupasha upepo joto kabla haujaufikia mkaa, na kwamba hiyo ndiyo siri ya nyuzi joto 1,800 zilizotajwa na watafiti hao. Wataalamu wengine wa madini wamelipinga dai hilo kwa hoja nzito, na ingefaa wasomaji waelezwe. Wazee wetu hawapungukiwi kitu kwa mabishano hayo. Kinyume chake, yanaonyesha kwamba kazi yao inastahili kupimwa kwa vipimo vile vile vinavyopimia kazi ya taifa lolote, na mwanahistoria peke yake hawezi kuamua, maana waliopuliza mivukuto hawakuacha hati, waliacha mavi ya chuma.

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1973, na walimu wake wa mwanzo wamestaafu au wametangulia mbele ya haki. Inaniuma kuona kwamba tanuru la babu zetu lilielezwa kwa Kiingereza, na wageni, wakati tuna watu waliosomea joto na metali ambao pia wanaijua lugha ya wazee wao. Huyu mmoja ameamua kuandika kwa Kiswahili, nasi tunamwambia anyamaze?

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba makala zijazo ziambatane na mchoro wa tanuru, na kila kifaa kiandikwe jina lake la Kihaya kando ya lile la Kiswahili kabla ya majina hayo kupotea. Kipande kimoja cha mrija kutoka kibanja cha bibi bado ninacho. Profesa akifika Maruku, nitampa akipime.

Mwalimu mstaafu,
Maruku, Bukoba