Picha za kuunganisha ziandikwe hivyo

Mhariri,

Wanaoziita picha za mandhari zilizounganishwa kwa kompyuta udanganyifu wana haki pale tu mpiga picha anapoficha. Ufundi wenyewe ni wa zamani. Gustave Le Gray wa Ufaransa aliunganisha negativu (picha ya awali ambayo mwanga na giza vimebadilishana, ya kuchapia picha) ya bahari na ya mbingu miaka ya 1850, kwa kuwa mwanga uliotosha bahari uliunguza mawingu.

Picha nyingi za kuunganisha huharibikia ufukweni, wakati wa kupiga. Kichujio cheusi cha stopu 10, yaani kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga kwa nusu mara kumi mfululizo, hugeuza muda wa kupiga wa sekunde 1/30 kuwa kama sekunde 34. Lenga kwanza, zima ulengaji wa otomatiki, ndipo ufunge kichujio. Ukitanguliza kichujio, kamera huhangaika gizani. Kandamiza miguu ya stendi hadi mchanga mgumu, la sivyo maji yakirudi huchimbua chini yake, stendi inazama kidogo na mizizi ya mkoko inatoka mara mbili. Kwenye kamera yenye kioo cha kuakisi ndani, ziba pia kitundu cha kuchungulia; mwanga hupenyea hapo ukaacha doa.

Ukibandika mbingu ya siku nyingine, jua liwe upande uleule. Vivuli ndivyo huumbua.

Tunaomba gazeti liandike chini ya kila picha ya aina hii: "Picha ya kuunganisha".

Wapiga picha za mandhari,
Mombasa